Mdogo Hampiti Mkubwa

Fundi viatu wa pale Kisii mjini, yule anayekaa nje ya ukuta wa soko, alichukua kipande cha mafuta ya ng'ombe akakisugua kwenye kiatu changu cheusi ili ngozi ilainike. Harufu ile ilinipanda puani, nikakasirika. Nilikuwa nimempelekea viatu hivyo avishone soli kwa ajili ya mazishi ya kaka yangu Makori, na mtu aliye katika shughuli kama hiyo hutarajiwa kuhuzunika. Mimi nilikasirika. Fundi akadhani nimechukizwa na kazi yake, akaniomba radhi. Ningemwelezaje kwamba hasira yangu ni ya mechi ya mpira iliyochezwa nikiwa mtoto wa shule ya msingi?

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka mipira ile. Ilikuwa ya ngozi nene, imefungwa kwa kamba kama kiatu, na ndani yake mna kibofu cha mpira kinachojazwa upepo. Ikilowa mvua ilikuwa mizito kama boga, na ukiupiga kichwa upande wa kamba ulirudi nyumbani na chapa kwenye paji la uso. Bila mafuta, ngozi ilipasuka. Mpira wa timu ya soko la Marani ulipakwa mafuta ya ng'ombe kila Ijumaa kabla jua halijazama, kwa kuwa Jumamosi nusu ya wachezaji, Wasabato, walikuwa kanisani na Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kucheza. Aliyeupaka ni mimi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu katika timu, pamoja na kuufuata ulipopotelea kwenye mashamba ya pareto na kutukanwa nikichelewa kurudi nao.

Na nilijua kucheza. Nasema hivyo bila haya, maana waliobaki wa kunipinga ni wachache. Aliyenifundisha ni Makori, ambaye mwenyewe hakuweza kukimbia hata kutoka jikoni hadi zizini. Alikuwa na pumu. Kifua chake kililia kama bawaba iliyokosa mafuta, na siku za baridi alikaa wima usiku kucha huku mama akimsugua mgongo. Lakini macho yake yaliuona mpira kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Alikaa kwenye kigoda kando ya zizi, akanirushia mpira wetu wa majani makavu ya migomba, akanikemea. "Usiuangalie mguuni! Mguu wako unaujua, haujapotea. Angalia mtu!" Basi nikajifunza kumwangalia mtu, na mtu ukimwangalia vizuri anakuonyesha mwenyewe upande atakaoanguka.

Shida yangu haikuwa mpira. Kwa sisi Abagusii wa wakati ule, mvulana alikuwa mmoja kati ya wawili. Kama hajaenda jandoni alikuwa omoisia, mtoto wa kulala nyumbani kwa mama na kutumwa na kila mwenye mdomo. Akishakwenda alikuwa omomura, mwanamume, hata kama bado alikuwa anapoteza meno ya utoto. Omomura hakula na omoisia, hakuoga naye mtoni, na akimpiga kofi omoisia hakurudisha. Wenzangu niliosoma nao darasa moja walikuwa wamekwenda, wakarudi na sauti nzito za kujilazimisha, na sasa walinituma maji. Mimi nilibaki, kwa sababu watoto wa nyumba moja walikwenda kwa kufuatana walivyozaliwa, na mbele yangu alikuwepo Makori.

Makori hakupelekwa kwa sababu ya moshi. Walioingia jandoni walikaa ndani ya nyumba yao majuma mengi, na moto wa humo haukuruhusiwa kuzimika mchana wala usiku. Hiyo ilikuwa sheria, na moto wa kuni mbichi za Desemba mnaujua. Kila Desemba baba alimsikiliza Makori kifua, akitega sikio kama anayesikiliza mtu wa upande wa pili wa mto, kisha akasema, "Mwaka ujao." Nami nikaambiwa subira huvuta heri. Nimeichukia methali ile mpaka leo.

Nahodha wa timu alikuwa Barongo, kijana mpana wa kifua aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Siku moja ya mazoezi mpira ulitoka nje ukanijia, na badala ya kuurudisha nikaingia nao uwanjani. Sijui ni shetani gani. Nikampita wa kwanza, nikampita wa pili, nikautia golini, na yule wa pili akaja akanizaba kofi. Barongo alicheka hadi akainama. Kisha akaacha kucheka, akaniita.

"Wewe ni wa kwa nani?"

"Wa kwa Mzee Ondieki."

"Na hujaenda?"

"Bado. Namngoja Makori."

Akanitazama miguu muda mrefu, akatikisa kichwa, akaenda kuongea na mwalimu. Kocha wao alikuwa Mwalimu Mwadime, Mtaita aliyeletwa kufundisha shule yetu, mtu mpole mwenye Kiswahili kilichonyooka ambacho sisi tulikisikiliza kama redio. Hakujua mila zetu, na zile alizoambiwa aliziona ni kero.

Juma lile lile walikuja nyumbani wote wawili. Nilipowaona wakipanda njia ya kwetu nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa: wamekuja kuipima miguu yangu. Nilikimbia nyuma ya nyumba nikaipaka mafuta yale yale ya mpira, kuanzia gotini hadi kidoleni, nikarudi nikasimama pale ambapo jua lingenipata vizuri. Nilisimama hapo wakati wote wa mazungumzo. Inzi walinipenda sana siku ile.

Wageni wakapewa viti na chai. Baba alikaa mkabala nao, na nyanya yetu, Magokoro, alikaa chini kwenye mkeka mlangoni akitenga mbegu za wimbi, ili asionekane kuwa yumo. Makori alikuwa kwenye kigoda chake kando ya ghala.

"Mzee, nimekuja kumwomba mtoto," alisema Mwalimu Mwadime. "Jumapili tunacheza na Nyamira, na winga wangu wa kulia hajui mpira unaanzia wapi unaishia wapi. Mwanao ana kipaji."

"Asante mwalimu kwa kuona mtoto yangu," baba akajibu. "Lakini hii timu ni ya abamura. Na huyu ni omoisia bado."

"Mpira hauulizi hayo, mzee."

Magokoro hakuinua macho kutoka kwenye wimbi. Alijifanya hajui Kiswahili, ila alikijua, na kukisema, kilipomgusa. "Mwambieni mwalimu mpira hauulizi kwa sababu hauna mdomo. Watu wana mdomo. Wataoga naye mtoni? Watakula naye? Na akimwangusha mtoto wa mtu aliyekwenda, uso wetu tutauweka wapi?"

"Magokoro, tumelifikiria," Barongo akasema kwa heshima, akiwa ameshika kofia mkononi. "Jezi atavalia hapa nyumbani. Hataoga na sisi. Hatakula na sisi. Mpira ukiisha, anakuja zake."

"Basi mnataka mbwa wa kuwinda. Anakimbiza swala, nyama hali."

Mwalimu Mwadime akakohoa kuficha kicheko. Mimi nilikuwa nageuza mguu huu na huu ili waone misuli. Nilikuwa tayari kuwa mbwa wa kuwinda. Ningebweka kama wangetaka.

Barongo akasogeza kiti. "Mzee, kama ni hivyo, tuache Jumapili hii. Mpeleke Desemba. Mpeleke huyu peke yake. Mwaka ukianza tutakuwa naye, kila mechi. Makori atafuata siku akipata nguvu."

Vidole vya Magokoro vikasimama kwenye wimbi. Mimi nilimwangalia baba mdomoni, nikiomba. Kisha sauti ikatoka kando ya ghala, nyembamba, ikivuta pumzi katikati ya maneno.

"Tata, apite tu. Mimi... sina neno."

"Wewe nyamaza," baba akasema, bila ukali. Akaweka kikombe chini. Aliyoyasema baadaye aliyasema kwa Kigusii, kwa hiyo mwalimu hakuyapata, na mimi niliyepata kila neno sikuelewa hata moja. "Barongo, nikimpitisha mdogo mbele ya mkubwa, nimewaambia watu wote wa Marani kwamba mkubwa simhesabu. Ni mtoto gani asiyehesabiwa? Ni aliyekufa. Mimi sijafiwa." Halafu akamgeukia mgeni, akarudi kwenye Kiswahili. "Mwalimu, kunywa chai. Inapoa."

Mimi nilisikia hapana. Hayo mengine yalipita juu ya kichwa changu. Nilijua tu kwamba wameiangalia miguu yangu yote miwili, iliyopakwa mafuta na kung'aa, na wameikataa. Lazima wameona ni myembamba. Nilikwenda mgombani nikalia kwa hasira, nikang'oa majani mabichi ambayo hayakunikosea, na Makori aliponifuata na kigoda chake nikamgeuzia mgongo. Alikaa tu pale, akihema. Nilikuja kuyaelewa maneno ya baba nikiwa na watoto wangu mwenyewe, jioni moja nikiwaita waje kula, kuanzia yule mkubwa. Nilisimama na jina lake mdomoni, nikaona aibu kwa jinsi nilivyochelewa.

Jumapili Nyamira walikuja juu ya lori la kubebea pareto, wakiimba. Wenyeji walijaa pande zote za uwanja, wanawake na vikapu, wazee na fimbo. Mimi na Makori tulikaa kwenye tuta karibu na goli letu, yeye kwenye kigoda, mimi na kazi yangu ya kuokota mipira. Winga wetu wa kulia alikuwa mwanamume kamili aliyekwenda jandoni kama inavyotakiwa, na aliucheza mpira kama anayefukuza kuku shambani. Kila alipoupoteza Makori alinifinya mkono, nami nilitamani kuuma kitu.

Nyamira nao walikuwa na winga. Alikuwa kijana mdogo mwembamba, jezi imemfika magotini, na alikuwa anamwangalia mtu. Makori ndiye aliyemwona kwanza. "Tazama," akaninong'oneza, "huyo haangalii mpira." Kijana yule alimwangalia Barongo, Barongo akamwonyesha upande, naye akapita upande wa pili. Bao. Kipindi cha pili akarudia, kwa mguu mwingine, na Barongo akaanguka chini mzima mzima, vumbi likapanda. Watu wetu walishika vichwa. Tukafungwa mbele ya mama zetu.

Baada ya mechi mwenyeji humlisha mgeni, hata mgeni aliyekuja kukuvunjia heshima. Kuku walikuwa wamepikwa, ugali wa wimbi umesongwa, na timu zote mbili zikakaa chini ya mikaratusi. Omoisia kama mimi nilitumwa kijitoni kuleta maji ya kunawa. Nilimkuta huko kijana wa Nyamira amepiga magoti, anakunywa kwa viganja. Nikamsalimia kwa adabu, kama mtoto anavyomsalimia mwanamume, nikamuuliza alikwenda jandoni mwaka gani.

Akafuta mdomo kwa jezi. "Kwenda wapi? Mimi bado. Mama amesema nimalize darasa la sita kwanza."

Nilidhani ananitania. "Na timu yenu wanajua?"

"Wetu wanajua. Wanasema nikifunga wamesahau, nikikosa watakumbuka."

"Na wetu?"

"Wenu hawajauliza," akasema, akainuka akakimbia kwenda kula.

Nilimfuata na debe la maji likinimwagikia kifuani. Nilifika nikakuta Barongo amempisha akae kando yake, kwenye sinia moja, wanamega ugali mmoja. Mbele ya macho yangu Barongo akachagua chagua kwenye nyama, akatoa firigisi ya kuku. Wenzangu mnajua firigisi kwetu ilikuwa ya nani. Haikuwa ya mtoto, haikuwa ya mwanamke, na hata baba alipoila tuliangalia pembeni. Barongo akaiweka mkononi mwa kijana yule, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Kula. Umetushinda kiume." Kijana akaitafuna.

Damu ilinichemka. Mimi waliyenikataa kwa sababu watu wana mdomo nilisimama na debe nikiwanawisha mikono, na omoisia mwenzangu anatafuna firigisi ya nahodha! Nilivuta pumzi nipige kelele uwanja mzima usikie. Mkono ukanishika shati kwa nyuma. Makori alikuwa ameuona uso wangu, amejikokota kutoka kwenye tuta kuja kujua kuna nini. Nikamwambia sikioni.

Kwanza macho yalimtoka. Kisha akasema, "Ukisema, atakayepigwa ni yeye. Wao watanawa mikono tu." Nikaona ni kweli, na ukweli ule ukaniudhi zaidi. Halafu kicheko kikamshika. Alitaka kukizuia kikamtoka puani. "Firigisi," akasema, "wamempa... firigisi!" Alicheka hadi kifua kikafunga, ikabidi nimwegemeze kwenye mkaratusi nimsugue mgongo kama mama alivyofanya, na bado alikuwa anacheka bila sauti, machozi yakitiririka. Watu wakadhani analilia timu. Hata mimi, pamoja na uchungu wangu wote, nilicheka.

Baba alipata njia baadaye, si Desemba ile bali ile iliyofuata. Kabla ya msimu alichimba shimo nyuma ya zizi, akachoma mkaa mwenyewe gunia baada ya gunia, mkaa mkavu usio na moshi, ili moto wa jandoni uwake bila kuzimika na bila kumuua mtoto wake. Magokoro alilalamika kwamba huo ni moto wa wauza chai sokoni. Baba akachoma gunia jingine. Tulikwenda asubuhi moja, Makori mbele na mimi nyuma yake, na njiani umande ulikuwa baridi kama upanga. Aliposimama zamu yake ilipofika, kifua hakikulia hata kidogo. Nadhani kiliogopa kumwaibisha.

Nilitoka jandoni nikiwa mwanamume, nikaenda moja kwa moja uwanjani. Hapakuwa na timu. Barongo alikuwa amepata kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, Mwalimu Mwadime amehamishwa, mpira wa ngozi umepasuka kwa kukosa mtu wa kuupaka mafuta. Na mimi katika kungoja nilikuwa nimerefuka bila kuombwa, miguu imekuwa mirefu na mizito. Shule ya upili walinipanga beki. Niliicheza nafasi hiyo kwa uaminifu na bila furaha yoyote. Nikiambiwa yaliyopita si ndwele hukubali kwa kichwa tu, maana ndani yangu bado yupo winga aliyepakwa mafuta hadi vidoleni, amesimama juani, anangoja kuitwa.

Na yule mgonjwa tuliyemngoja, ambaye Marani yote ilijua hatafika utu uzima? Alimzika baba, akamzika mama, akamzika Magokoro. Alioa, akajukuu, akalima chai mpaka uzeeni na kifua chake kile kile kibovu. Kila nilipokasirishwa na jambo lolote, cheo nilichonyimwa au shamba tulilogombea, alinipigia simu akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno moja: "Firigisi." Hasira ikaisha hapo hapo. Hatukumweleza mtu mwingine maana yake, hata wake zetu.

Kwenye mazishi Barongo alikuja, mzee sasa, na fimbo na mjukuu wa kumshika mkono. Alipopewa nafasi ya kusema aliacha habari za marehemu mapema, kama wazee wanavyofanya, akaingia kwenye habari za mpira. "Timu yetu ilikuwa ya wanaume!" akanguruma. "Tulifungwa mara moja tu hapa nyumbani, na kijana mmoja wa Nyamira. Lakini yule alikuwa mwanamume halisi, aliyekwenda akaiva! Nilimpa firigisi kwa mkono wangu huu."

Watu wakapiga makofi. Kicheko kilinipanda kooni, nikageuka kushoto haraka kumtafuta Makori, kwa sababu katika kila kikao cha nyumba yetu yeye alikaa kiti cha kwanza nami cha pili. Kushoto kwangu hakukuwa na mtu. Msimamizi wa shughuli alikuwa amenisogeza asubuhi ile bila kuniuliza, akaniketisha kwenye kiti cha kwanza.

Jeneza lilikuwa pale mbele, na viatu vyangu vikinuka mafuta ya ng'ombe. Utoto wangu wote nilikuwa nikimwambia kaka yangu moyoni: tangulia basi, tangulia upesi, nipate zamu yangu. Sasa ametangulia. Anayefuata ni mimi, na sina haraka hata kidogo.